Tita la Urani na Bomba la Zulia

Kila alasiri, mabasi ya kampuni yalipoanza kupita barabara ya Al Wukair yakiwarudisha wafanyakazi kambini Industrial Area, Baba alivaa viatu. Mkono uleule uliokataa kushika kijiko asubuhi ulifunga kamba vizuri, fundo juu ya fundo. Kisha alichukua chupa yake ya maji, akasimama mlangoni na kuniambia, "Sista, nimechelewa shifti. Na lile tita bado sijaambiwa kama limetoka."

Baba hakuwa baba yangu. Alikuwa mhandisi mstaafu kutoka India, aliyefiwa na mkewe, na maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye kinu cha umeme wa nyuklia. Mwanawe wa pekee alimleta Doha alipoona kumbukumbu zinamtoka, za karibuni zikitangulia. Mimi ni Mkenya wa Nakuru, mama wa watoto wazima, na kazi yangu ilikuwa kumtunza: kumwogesha, kumpa dawa, kumtembeza, kumbembeleza ale. Mwanawe nilimwita Bosi na mkewe Madam, kama tunavyowaita waajiri wote huku. Mzee nilianza kwa kumwita Sir, akanuna. Nilipomwita Baba aliitika, kwani hata kwao neno ni hilohilo.

Nikiri kwamba mdomo wangu haujawahi kuwa na kufuli. Wiki za kwanza nilibishana naye. "Baba, ulistaafu zamani. Hakuna shifti, hakuna basi, keti tunywe chai." Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa mbele ya watoto wake, akanipita. Nilificha viatu, akatoka na ndara. Nilifunga mlango wa mbele, akatokea wa jikoni, ambao mimi mwenyewe nilikuwa bado sijauzoea. Mlinzi wa geti, Mkenya mwenzangu mwenye utani mwingi, alizoea kunipigia simu.

"Mama, kam uchukue injinia wako. Leo anasema nimfungulie ama aniripoti kwa bosi wa mtambo."

"Mshike mkono, nakuja."

"Nimshike aje na ananiuliza badge yangu iko wapi? Huyu mzee ni mnoma, aki."

Nikifika, nilimkuta amesimama kivulini akihesabu mabasi yanayompita, macho yamejaa hofu. Si hasira, ni hofu. Ningemwambia chochote wakati ule ili hofu ile itoke. Kwa hiyo nilimwambia, "Baba, limetoka. Tita limetoka zima kabisa."

"Nani amelipokea?"

"Mimi."

Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. "Ulikuwa upande gani?"

Nikamwonyesha pale tuliposimama. Hapo akanipuuza kwa mkono, akarudi kuangalia barabara.

Asubuhi alikuwa mtu mwingine. Asubuhi akili yake ilikuwa imetulia, na tukishakunywa chai alipenda kufundisha. Mwanafunzi alikuwa mimi, kwa sababu Bosi alikuwa kazini na Madam alikuwa amesikia yote. Sikuwa nimekwenda Doha kusomea nyuklia, lakini kuuliza si ujinga, nami nikauliza.

Aliniambia kuna vinu vya namna nyingi. Vile vilivyo vingi zaidi duniani hutumia maji ya kawaida, na maji ya kawaida ni malafi. Yanameza vile vichembe vidogo sana vinavyopokezana moto ndani ya urani. Ndiyo sababu urani ya vinu hivyo lazima kwanza irutubishwe, iongezewe nguvu, ili baada ya maji kula sehemu yao moto ubaki. Ikishatumika kwa miaka kadhaa inatolewa, na watu wanaiita fueli iliyochoka.

"Lakini haijachoka, Sista," alisema, kidole juu. "Ukiitenganisha na uchafu wake, urani inayobaki mle mara nyingi ina nguvu zaidi kidogo kuliko ile iliyotoka tu kuchimbwa ardhini. Watu wanaiita taka!"

Kinu chake yeye kilitumia maji mazito. Nilidhani ni mazito kama uji, akacheka mpaka akakohoa. Ni maji yanayofanana na maji yote, meupe na yasiyo na harufu, ila kila tone lina uzito kidogo zaidi, na hayana ulafi. Hayamezi vichembe ovyo. Kwa hiyo moto unaweza kuendelea kwa urani dhaifu ambayo vinu vingine vimeshaikataa. Na namna ya kuyatambua? Barafu ya maji mazito huzama ukiitia kwenye glasi ya maji ya kawaida. Toka siku aliponieleza hilo, kila nilipompa maji baridi alisubiri kwanza kuona barafu inaelea, akasema, "Haya ni mepesi," ndipo akanywa.

Mimi nikamwambia habari za mama yangu na makaa. Kwetu Nakuru, gunia la makaa likiisha, chini hubaki vumbi. Wengine hulimwaga. Mama alilikusanya, letu na la majirani, akalikoroga kwa udongo na maji, akafinyanga madonge na kuyaanika juu ya bati. Yakikauka, uliweka machache juu ya makaa machache yaliyoshika moto, na sufuria ya githeri ikaiva polepole mchana kutwa, huku yeye yuko shambani. Akiba haiozi, alikuwa akisema, na mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko.

Baba aliacha chai yake ipoe. "Udongo kiasi gani?"

"Kidogo. Ukizidi, yanazima."

"Na jiko lolote linafaa?"

"La! Jiko la bati tupu linapoteza joto, madonge yanakufia. Unataka lile la udongo ndani."

Alipiga meza kwa kiganja. "Hilo jiko la udongo ndilo maji mazito!" Tangu siku ile, wageni wa Madam wakija, alinitambulisha kwao kwa heshima zote: "Huyu ni Sista. Mama yake alikuwa mhandisi wa fueli." Mimi nilisimama pale na sinia ya vikombe, nikitamani mama yangu angekuwa hai asikie.

Nilimpenda yule mzee. Nalisema wazi, maana kazi hii watu hudhani tunaifanya kwa mikono tu.

Hofu yake nayo nikaja kuielewa polepole, kipande asubuhi hii, kipande asubuhi ile. Fueli ya kinu chake haikuwa donge wala kipande kimoja. Ilikuwa vijiti vingi vyembamba vya chuma vilivyojazwa urani na kufungwa pamoja, urefu wa mkono hivi, na yeye alipovichora kwa mikono hewani niliona tita la kuni, basi mimi nikaliita tita na yeye akalipenda neno. Kundi lake ndilo lililotengeneza matita ya majaribio kwa urani ya kutumika upya. Wakayaingiza kinuni. Wakuu walikuwa na wasiwasi kwamba vijiti vingepasuka humo ndani na kuchafua kila kitu. Yeye ndiye aliyewaahidi kwamba havitapasuka.

Kuingia kwa yale matita alikukumbuka kote, mpaka rangi ya shati la mtu aliyekuwa kando yake. Kutoka kwa matita hayo hakukukumbuka. Ugonjwa ulikuwa umekata kamba mahali pabaya kabisa. Kila alasiri tita lake lilikuwa bado limo ndani ya moto, na yeye yuko kwenye nyumba ya watu asiyoifahamu, na basi linaondoka.

Nilimuuliza Bosi mwisho wa jambo lile. Alikuwa akipakua chakula, akasimama na kijiko hewani.

"Sijui, Sista. Baba hakuwa akisema ya kazini. Mimi kazi yake niliijua kwa sabuni. Walioga kule kabla ya kutoka, sabuni moja kali hivi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naapa kwamba leo silali mpaka afike. Nililala kila siku. Asubuhi nikinusa taulo, najua alikuja na amekwenda tena."

Alisema kama mtu anayesimulia ya mwingine. Kisha akaniuliza kama mzee alikunywa dawa ya pressure, nami nikamwambia alikunywa.

Ijumaa moja nilikuwa kanisani, siku yangu ya mapumziko, simu ikatetemeka mkobani katikati ya mahubiri. Ilikuwa mlinzi wa geti, na siku hiyo hakuwa na utani.

"Mama, pole sana. Mzee amepanda basi ya mafundi wa AC. Wametoka wengi, wote na kofia, sikumuona. Nimeangalia kamera saa hii ndio nikamuona ameingia katikati yao."

Nilitoka bila kuaga. Bosi alinipitia njiani. Tulimpata Industrial Area, kwenye kambi ya wale mafundi, ndani ya chumba chao cha vitanda vya ghorofa. Mmoja wao alikuwa amesoma namba ya Bosi kwenye bangili ya mkononi mwa Baba na kupiga. Baba alikuwa ameketi kitanda cha chini, feni imeelekezwa kwake, kikombe cha chai mkononi. Walikuwa wamemzunguka Wahindi, Wanepali na Mganda mmoja, wamechoka na jua la kutwa, na wote walikuwa wakimsikiliza akiwaeleza umuhimu wa kuvaa glavu. Mganda aliniambia kwa upole, "Mama, huyu mzee hana neno baya. Tulidhani ni mkubwa wa kampuni amekuja kutuona."

Bosi alipiga magoti mbele yake. Baba akamtazama vizuri, kwa adabu, akauliza, "Wewe ni wa shifti ya nani?"

Garini nilikaa naye nyuma, nimemshika njia nzima. "Watu wote wale," alirudia. "Watu wote wale, na hakuna hata mmoja anayejua kama limetoka."

Jioni ile Bosi alikuja jikoni na kufunga mlango. "Siwezi, Sista. Sasa hivi hewa ni nzuri. Joto likiingia, akitoka saa nane mchana na tusimwone mapema, tutamwokota amekufa. Nimezungumza na nyumba ya wazee kwetu. Kabla ya joto nampeleka."

"Bosi, kule nako atangoja basi."

"Angalau kule dereva atamwambia kwa lugha yake arudi, naye ataelewa."

Nilimgeuzia mgongo. Niliosha vyombo kwa nguvu hadi Madam akaja kuuliza nini kimevunjika. Nilijua jambo moja tu: nisipopata njia ya kuitoa hofu ya alasiri kabla ya joto, Baba angewekwa chumbani kati ya watu asiowajua, mbali na mwanawe, na angesimama dirishani kule mpaka mwisho wake akiwa peke yake na tita lake.

Njia ilikuja kwa simu. Sikukuu yao moja, rafiki wa zamani wa Baba alipiga simu ya nyumbani kumtakia heri, kama alivyofanya kila sikukuu. Siku zote Bosi alimshukuru na kumwambia mzee hawezi kuongea. Mara hii Bosi hakuwepo, nikaipokea mimi, na kufuli ya mdomo mnajua sina.

"Mzee," nikamwambia, "mimi ndiye ninayemtunza rafiki yako. Kila siku anauliza kama lile tita la majaribio limetoka. Wewe unajua?"

Nikasikia mtu anapumua kwa shida.

"Kama najua? Dada yangu, ni mimi niliyelipokea."

Akanieleza. Kinu cha maji mazito, alisema, hulishwa moto ukiwa unawaka, hakizimwi. Matita hulala kwenye bomba refu, moja nyuma ya jingine. Mashine moja husimama huku na kusukuma tita jipya ndani, na mashine ya pili husimama ng'ambo na kupokea la zamani linalotokea upande wake. Baba alikuwa akiongoza ya kusukuma, yeye ya kupokea. Na shifti yao ilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Wa kusukuma haondoki. Hata saa yake ikiisha, hata basi likipiga honi, haondoki mpaka asikie kwa sauti kutoka upande wa pili: nimelipokea. Naye hujibu: nimesikia, naondoka. Tita lile la majaribio lilipokwisha kupoa bwawani na kukaguliwa chini ya maji kijiti kwa kijiti, yeye alimpigia simu ya ndani na kuongeza neno moja. Nimelipokea, liko zima.

"Yalitoka mazima yote?"

"Yote. Alileta peremende, akagawa hadi kwa wafagiaji."

Niliketi chini kwenye sakafu ya jikoni. Muda wote ule tulikuwa tukimwambia jambo la kweli na yeye hawezi kuliamini, kwa sababu tulilisema tukiwa tumesimama upande wake. Nilimwomba yule rafiki anifundishe yale maneno kwa lugha yao. Alinirudisha mara nyingi, mpaka ulimi ukakubali.

Bomba lilikuwepo. Madam alikuwa ameletewa zulia jipya la sebuleni, na lile bomba nene la karatasi ngumu lililozungushiwa zulia lilikuwa bado stoo, likingojea kutupwa. Usiache mbachao kwa msala upitao, nikasema peke yangu, nikaliburuta hadi meza ya kulia. Matita nilitengeneza kwa spageti, nikayafunga kwa rababendi, nikayapanga ndani hadi bomba likajaa. Alasiri, Baba alipovaa viatu, sikumzuia. Nilimpa tita moja na mpini wa ufagio.

Alilipima kwa mkono. Akainama, akaangalia bombani. Sijui aliona nini humo, ila mgongo wake ulinyooka. Nilikimbilia upande wa pili wa meza. Akaanza kusukuma taratibu, na tita la kwanza likachungulia upande wangu, nami kwa furaha yangu ya kijinga nikalishika na kulivuta.

"Usivute!" Sauti ile sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada. "Wa kupokea havuti! Anangoja!"

Alitupa mpini na kwenda mlangoni. Siku ile mlinzi wa geti alinipigia kama kawaida. "Mama, leo injinia amekasirika vibaya. Anasema ameona mtu akivuta. Kuvuta nini?"

Mimi ni mtu wa kuvuta, ndiyo tabia yangu. Mtoto akichelewa kuvaa sweta namvuta mkono, unga ukichelewa kulainika nauvuta. Kesho yake nilisimama ng'ambo ya meza na viganja wazi, nikajikataza hata kupumua. Baba alisukuma. Tita likatoka kidogo. Likasimama. Likatoka tena, kwa kasi aliyoipenda yeye, mpaka likaniangukia lenyewe mkononi. Nikaligeuza na kulitazama pande zote kwenye mwanga wa dirisha, kama rafiki yake alivyoniagiza, bila haraka. Kisha nikasema kwa lugha yake, kwa sauti ya kufika mbali:

"Nimelipokea. Liko zima."

Alifumba macho. Mabega yake, ambayo tangu nimfahamu yalikuwa yamepanda karibu na masikio, yalishuka.

"Nimesikia," akajibu. "Naondoka."

Akaketi, akafungua kamba za viatu, akaniomba chai. Nje basi la kampuni lilipita. Aliliinulia mkono kidogo, kama mtu anayewaaga wenzake wanaotangulia, akarudi kwenye chai yake. Mimi nililia ndani ya taulo la vyombo, halafu nikamkaangia bajia, maana sikujua furaha ile niipeleke wapi.

Kesho yake alikuwa amesahau yote. Akavaa viatu, hofu ikarudi machoni, tukasimama kila mtu upande wake. Nimelipokea, liko zima. Na furaha ikaja upya, nzima, kama haijawahi kutokea. Ugonjwa ule ulimnyang'anya mengi, Mungu anajua, lakini kila alasiri ulimpa habari njema kwa mara ya kwanza. Nilimwonea wivu. Na sikuwa namdanganya hata kidogo. Nilikuwa napeleka ripoti ya kweli iliyochelewa njiani.

Madam aliona spageti zimevunjika, akataka kusema jambo, akamwona mzee amekunja miguu sofani bila viatu saa ya mabasi, akageuka kurudi chumbani. Wiki iliyofuata alikuja na pakiti mpya za spageti na kuziweka mezani bila kunitazama. Mlinzi wa geti alinipigia mwenyewe. "Mama, injinia ako sawa? Mbona haji kunipea hizo maswali zake? Nimem-miss."

Bosi peke yake hakuamini. Madam alimweleza, mimi nilimweleza, akasema ni vizuri, ni vizuri, lakini watu wenye ugonjwa huu hubadilika. Alikuwa ameshaona mengi ya kumvunja moyo. Safari ilibaki palepale, na hewa ya nje ilianza kuwa nzito. Ukifungua mlango inakupiga usoni. Nilianza kupanga sweta za Baba kwenye sanduku, nikazitoa, nikazipanga tena. Niseme mapema tu kwamba sanduku lile lilirudi juu ya kabati, na chumba kule nyumba ya wazee wakampa mwingine. Lakini alasiri ninayotaka kuisimulia hakuna aliyelijua hilo, hata mimi.

Siku hiyo Bosi alirudi mapema kumalizia mambo ya safari. Nilikuwa nakanda unga wa chapati, unga umeniganda mikononi hadi kwenye vifundo, na Baba alikuwa ameshavaa viatu na kusimama upande wake wa meza, mpini mkononi, akitazama bomba. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Niliona pumzi zake zinaanza kwenda mbio.

"Bosi," nikasema, "simama pale."

"Sista, mimi sijui haya mambo."

"Hakuna cha kujua. Fungua viganja. Usivute." Nikamsukuma kwa kiwiko, mwajiri wangu, nikamwachia unga kwenye shati la ofisini.

Alisimama. Baba akasukuma, na tita likaja kwa mwendo wake, likisimama, likija. Nilimwona Bosi akitaka kulivuta. Vidole vilisogea, akavirudisha. Likamwangukia viganjani. Nikamnong'oneza aligeuze, alitazame pande zote. Aliligeuza mara ya kwanza kama mtu anayetii tu. Mara ya pili aliligeuza polepole zaidi, akipitisha kidole kwenye kila kijiti cha spageti.

Maneno sikulazimika kumnong'oneza, yalikuwa ya lugha yake na tulishamweleza.

"Nimelipokea," akasema. "Liko zima."

"Nimesikia. Naondoka."

Kwa kawaida Baba angeketi hapo. Siku ile aliinama, akaweka jicho kwenye mdomo wa bomba, akamtafuta aliye ng'ambo. Nadhani aliona kipande tu cha uso, jicho na shavu la mtu mzima. Alizungumza naye humohumo bombani, kwa lugha yao, na maneno hayo Bosi alinitafsiria baadaye, akiwa ameketi kwenye ngazi za nje na uso umemvimba kwa kulia.

"Asante, rafiki yangu. Leo nitafika nyumbani kabla mwanangu hajalala."

Bosi alishika ukingo wa meza. Akainama naye, akaweka mdomo kwenye bomba lile la zulia.

"Hajalala," akamwambia. "Amekaa anakungoja."